Jina Ambalo Keziah Hakulitaja

Karatasi ilikuwa imelazwa juu ya kimto kama mgonjwa, na ukungu wa mji wa Lincoln, Uingereza, uliegemea madirisha ya chumba cha nyaraka. "Penseli tu humu, dada," alisema mtunza nyaraka, Bwana Thackray, akinipokonya kalamu ya wino kwa adabu zote. Nikainama kusoma. Punde tu sikujua tena niko mwaka gani.

Mama ndiye aliyenituma. Alikuwa na miaka themanini na minane, moyo umechoka, na alitaka jambo moja tu kabla ya kufumba macho: kujua nani alikuwa baba wa Amos, babu wa babu yake, ambaye mama yake, Keziah Thurlby, alikuwa msichana wa kazi katika jumba kubwa la kijiji chetu. Mama aliamini baba ni mwenye jumba, na imani hiyo ilimtembeza kifua mbele maisha yake yote.

"Pua hii si ya mvuna viazi," alikuwa akisema. "Itazame vizuri."

"Ni ya mafua hiyo, Mama."

"Cheka tu. Kaniletee jina."

Mwaka 1793, aliozaliwa Amos, desturi ilikuwa kwamba msichana asiye na mume akishikwa na uchungu, mkunga aliyeapishwa hamgusi mpaka msichana amtaje baba wa mtoto. Wakubwa wa kanisa walitaka wajue nani atamlisha mtoto, mzigo usije ukawaangukia wao. Mkunga alikuwa akikaa kitini, mikono mapajani, akiuliza na kungoja. Kwa hiyo niliamini jina lilitamkwa, na kwamba mtu aliliandika.

Lakini aliyesimama mbele ya mahakimu katika karatasi ile hakuwa Keziah. Alikuwa mkunga mwenyewe, Dorcas Sleight, akijibu shtaka la kuvunja kiapo. Maneno yake yalikuwa yamefifia, nikayafuata kwa kidole bila kuyagusa:

"Nilimuuliza mara tatu, waheshimiwa. Akafumba mdomo. Mtoto alikuwa amekwama, na mama mtu alikuwa anakata roho. Nikatia mikono. Jina nikaliacha."

Nilikasirika, sifichi. Miaka zaidi ya mia mbili, na mwanamke mmoja aliachia jina lipite! Kisha nikaanza kuwaona: Keziah na meno yake yameumana, na Dorcas akiitazama mikono yake mitupu. Mkunga yule angengoja kidogo tu, Amos asingekuwepo. Wala Mama. Wala mimi niliyekuwa nikitokwa na machozi mbele ya Bwana Thackray, ambaye alisogeza karatasi mbali nami, taratibu, isilowe.

Mama amekwishakufa sasa, lakini alasiri niliyomrudia na majibu naiona bado: mwanga mwembamba juu ya blanketi, chai imepoa, naye ameketi wima kama anayesubiri mgeni.

"Haya, leta. Ni yule bwana?"

"Hakuna jina, Mama."

Uso wake ulisawajika, na niliumia kuutazama. Nikaona heri nimsomee yote niliyonakili. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Huyo mkunga walimfanya nini?"

"Walimkataza asizalishe tena."

"Washenzi." Akavuta pumzi. "Aliitwa nani?"

"Dorcas Sleight."

Alilitamka jina hilo polepole, mara mbili. Kisha akajilaza, akafumba macho.

"Nisomee tena, mwanangu. Anzia pale alipotia mikono."