Mchango wa Zuwena

Mwanajuma alikuwa akimenya mihogo uani baada ya alasiri, na mwanawe Zuwena ameketi kando yake juu ya mkeka, daftari magotini. Zuwena alikuwa na miaka kumi na alikuwa darasa la pili kwa mara ya tatu. Herufi zilimwingia na kutoka kama maji kwenye chekeche. Shuleni walimwita mzito, na Mwalimu Efrazia alikwishasema kwamba mwaka huu asipojua kusoma na hesabu, abaki tu nyumbani amsaidie mama yake kulima.

Siku hiyo Mwanajuma aliweka kisu chini, akamshika mtoto mkono, wakaisoma silabi moja pamoja mpaka jasho likawatoka. Mara Zuwena akaisoma peke yake. Akairudia. Mwanajuma alifurahi, akachukua pakiti ya majani ya chai amwonyeshe silabi ileile, akaitazama na asiitambue. Ilikuwa imehamia kwa mtoto.

"Imeingia," alisema, akarudi kwenye mihogo yake.

Mvua za vuli zilipoanza, Zuwena alikuwa anasoma kitabu kizima na mama yake hawezi kusoma hata jina la duka. Mumewe, Kitwana, aliyekuwa akijenga nyumba za watu kule Mkuza, Kibaha, aliacha kutuma ujumbe wa maandishi, akawa anapiga simu. Hakuuliza sana.

"Hesabu usimpe wewe," alisema. "Tafuta watu. Unga utanunuaje?"

Kwa hiyo ukapitishwa mchango, kama unavyopitishwa kwa harusi au ngoma ya mwali. Kitongoji hiki cha Kibuta kina wivu na kina umbea, lakini mchango hakikatai. Aliyefungua ni Bibi Sikuzani, mama yake Kitwana. Alitoa namba zote, moja mpaka mia.

"Mama, na kuku wako utawahesabuje?" Mwanajuma aliuliza.

"Kuku wangu nawajua kwa sura. Asiyekuwepo nitamwona hayupo."

Maneno, mwendesha bodaboda, alitoa jedwali la saba, akaapa kwamba tangu alijue halijamsaidia kitu. Hajra wa vitumbua alitoa kujumlisha, na kuanzia siku hiyo wateja wake wakawa wanajijumlishia wenyewe, wengine kwa haki, wengine kwa tabia zao. Jabiri mwenye duka alikataa kutoa kugawanya, akatoa majina ya mikoa, ambayo hayakuombwa. Kutoa ni moyo, na moyo wa Jabiri unajulikana.

Ilibaki hesabu ya kutoa kwa kukopa, ambayo hapakuwa na jirani aliyeijua vizuri. Mwanajuma alijitanda kanga, akaenda shuleni kumwomba Mwalimu Efrazia.

"Mama Zuwena, darasani ninao mia moja na thelathini," mwalimu alisema bila ubaya. "Nikimpa wako, kesho wale wengine nitawafundisha nini?"

Shule ilikwishaomba mwalimu wa pili zamani na hajafika. Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilimuuma Mwanajuma zaidi.

Zuwena alifaulu hivyo hivyo, bila ya kukopa. Wazazi waliitwa kutia saini matokeo, na Mwanajuma akatia dole gumba. Mwalimu Efrazia alilitazama dole lile, akatikisa kichwa.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa mzito," alisema. "Mzazi mwenyewe hajui kusoma, mtoto angepata wapi akili?"

Mwanajuma alikuwa na la kujibu. Alilimeza kwa sababu Zuwena amesimama mlangoni anacheka na wenzake, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliumia.

Darasa la tatu lilianza, na homuweki nazo zikaanza. Siku moja Zuwena alirudi akakaa mkekani bila kufungua daftari.

"Tumeambiwa tuandike siku tuliyozaliwa," alisema. "Tuwaulize mama zetu."

Mwanajuma aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Usiniambie, mama. Nitapigwa tu, si kitu."

"Toa kalamu," alisema Mwanajuma.

Akamweleza. Uchungu ulimshika shambani, mvua inanyesha. Pikipiki ilikwama kwenye tope njiani kwenda hospitali, na Bibi Sikuzani akamzalisha palepale, chini ya mkorosho. Mtoto alitoka kimya. Hakulia, hakulia, bibi anampuliza na kumpigapiga mgongo, na Mwanajuma amelala kwenye majani yaliyolowa akimwomba Mungu amwachie huyu, hata awe na kasoro gani, amwachie tu. Ndipo akalia.

Alisimulia polepole, kwa sababu alijua hatasimulia tena. Zuwena aliandika huku machozi yanadondokea karatasi. Alipoweka nukta ya mwisho, mama yake alikuwa ameinamia sufuria, anaonja chumvi.

Daftari lilirudi na nne juu ya kumi. Mwandiko mbaya, iliandikwa kwa wino mwekundu, na kwa kulowesha daftari Zuwena alipewa viboko viwili vya mkononi.

Alasiri Mwanajuma alichemsha maji, akawa anakikanda kiganja cha mwanawe kwa kitambaa.

"Uliandika nini hasa mpaka wakupige hivi? Hebu nisomee."

Zuwena akamsomea yote. Ila kila palipoandikwa mama yangu, alisoma mama mmoja, na palipoandikwa mimi, alisoma mtoto.

Mwanajuma alisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama.

"Maskini," alisema. "Na mtoto alipona?"

"Alipona, mama."

"Alhamdulillahi." Akakichovya kitambaa tena kwenye maji ya moto, akakikamua. "Mungu amkuzie mwanawe, mama huyo, popote alipo."