Pumzi ya Kabwela

Mdogo wangu alipenda kujiita kabwela. Alikuwa fundi uashi, saruji imemjaa hadi kwenye kope, na akijuliwa hali hujibu, "Sisi makabwela tupo, tunasukuma siku." Nikimkemea kwamba anajitukana, hunicheka. "Dada, kabwela si tusi. Ni mtu ambaye akiingia mahali, hakuna anayempisha kiti. Basi."

Kifua kilipombana, nilimlaza katika hospitali ninayofanya kazi. Mimi husukuma mitungi ya oksijeni kutoka stoo hadi wodini. Siku hiyo gari la mitungi lilikuwa limeharibikia njiani, na mtungi wa mwisho nilimfungia yeye kwa mikono yangu. Rangi ikaanza kumrudia usoni. Akaniita kabwela mwenzake akiwa ndani ya barakoa, nami nikamwambia afunge bakuli lake avute hewa.

Mara akaletwa mheshimiwa wa jimbo letu. Nani asiyemjua? Wakati wa kampeni alipanda jukwaani na kandambili, akapaza sauti, "Mimi ni kabwela mwenzenu!" Sasa alikuwa amekaa wima kitini, anatweta kidogo, anaongea na simu.

Muuguzi mkuu akanijia. "Mtungi wa kitanda cha dirishani upeleke kwa mheshimiwa."

"Sista, yule ni mdogo wangu."

"Najua. Gari litafika sasa hivi."

"Mheshimiwa anaongea na simu. Mdogo wangu hata maji hawezi kumeza."

"Unataka nikuambie nini, dada? Mheshimiwa akifa tutafukuzwa sote. Huyu ni kabwela."

Neno ni lilelile. Kinywani mwa mdogo wangu lilikuwa utani, kinywani mwake likawa hukumu. Niliukumbatia ule mtungi. Mlinzi akanibandua vidole, na mwenzangu wa stoo akausukuma, macho chini. Watu huniambia nisimlaumu, ana watoto. Namlaumu.

Mdogo wangu alinishika mkono akanikodolea macho. Hakufanya utani tena. Gari lilipofika na mitungi yake, tulikuwa tumeshamfunika shuka.

Mheshimiwa alipona. Siku aliyoruhusiwa, nami nilikuwa nimekuja kuchukua vitu vya marehemu. Nilimkuta uani, amezungukwa na watu, kipaza sauti mkononi.

"Wakubwa wengine wakiugua hukimbilia ng'ambo," alisema. "Mimi nimetibiwa hapahapa. Pumzi wanayovuta makabwela, ndiyo niliyovuta mimi!"

Makofi yakalipuka. Muuguzi mkuu alipiga makofi, na mwenzangu wa stoo pia. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vya mdogo wangu, vimegandwa na saruji kwenye nyayo.

"Kweli!" nikapiga kelele. "Kweli kabisa, aliivuta!"

Walio karibu wakadhani namshangilia. Wakanipisha nisogee mbele.