Imefungwa Kabisa

Swabir alikuwa fundi wa tovuti, na tusimnyime haki yake, alikuwa fundi hodari. Nyumba ndogo za wageni za Diani na Galu zilimtegemea yeye ili mtu aliye Nairobi au Ujerumani akitafuta pa kulala karibu na bahari, zitokee juu, si kule chini ambako hakuna anayefika. Tajiri wake mkubwa alikuwa Harrison, mwenye nyumba sita za makuti pale Galu. Na Harrison alikuwa na kidonda kimoja tu: kila ukiitafuta Galu mtandaoni, wa kwanza ni Bi Chiku, yeye ni wa pili.

Swabir alihangaika, wallahi alihangaika. Alipiga picha upya, akaandika habari za mbega wanaoruka juu ya mapaa, akazipunguza picha uzito ili kurasa zifunguke upesi. Wapi! Bi Chiku hakushuka hata hatua moja. Tovuti yake ilikuwa ya zamani, aliitengeneza mumewe, Mzee Kombe, lakini chini yake wageni walikuwa wameandika maneno mema miaka tisa mfululizo, na nusu ya maneno hayo yalimsifu mtu mmoja: Biasha, mpishi, na mahamri yake. Utashindana na mahamri kwa picha?

Kisha Mzee Kombe akafariki. Bi Chiku akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na lango la wageni likatiwa kufuli, maana si adabu mjane aliye edani nyumba yake iingiwe na wanaume wasiojulikana kutwa. Swabir alikwenda mazikoni, akala hitma ya siku ya tatu, akaliona lile kufuli kwa macho yake. Aliporudi kwake akafungua ramani ya mtandaoni, pale ambapo mtu yeyote anaweza kuarifu kwamba mahali pamefungwa. Kuna vitufe viwili: kwa muda, au kabisa. Akabonyeza kabisa, akatia na picha ya kufuli iwe ushahidi. "Si uongo," alijiambia. "Kwani hapajafungwa?" Loo, binadamu! Mtandao ulituma barua pepe kumwuliza mwenyewe kama ni kweli, lakini barua ile ilikwenda kwa anwani ya Mzee Kombe, na Mzee Kombe yuko kaburini. Wiki haikupita, Harrison akawa wa kwanza.

Eda ikaisha. Bi Chiku akafungua lango, akatandika vitanda, akangoja. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, hakuna aliyebisha hodi. Ndipo alipompigia Swabir simu aje.

Alimkuta barazani, mwili umempungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nimekuita unitazamie huo mtandao wa marehemu, ingawa mimi tatizo nalijua. Ni Biasha. Nilipokuwa ndani, simu ya wageni alikuwa nayo yeye. Nani ajuaye aliwajibu nini, au aliwapeleka kwa nani? Jana nimemfukuza, amerudi kwao Mkongani. Miaka tisa, Swabir! Kikulacho ki nguoni mwako."

Hapo ndipo pa kusema. Maneno matatu yangetosha: ni mimi, mama. Lakini Swabir alijidanganya kwamba atengeneze kwanza. Wageni wakirudi, Biasha naye ataitwa, na hakuna atakayeaibika. Akatengeneza siku ileile. Aliarifu kwamba pako wazi, akapiga picha ya lango lililofunguliwa, akaweka anwani ya Bi Chiku badala ya ile ya marehemu. Harrison alipouliza mbona wameteremka tena, Swabir alimwambia mambo ya mtandao hupanda na kushuka.

Baada ya wiki tatu Bi Chiku alimwita tena. Mashuka yalikuwa yameanikwa kambani, vyumba vyote vimejaa. Alimwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka, na hakungoja hata amalize kula, akainua mikono palepale. Mungu amzidishie, Mungu ampe mke mwema, Mungu amwepushie mahasidi. Swabir aliitikia amina.

"Na umeona?" Bi Chiku akasema. "Tangu yule mwanamke atoke humu, nyumba imefunguka. Nilikuwa silali, mwanangu, nasema pengine nimemsingizia. Sasa nimejua sikumdhulumu. Nimewaambia na majirani, mtu asimpe kazi."

Masikini Swabir! Alidhani anamwokoa Biasha, kumbe amepeleka ushahidi wa kumhukumia. Akaisukuma sahani.

"Mama, si Biasha. Ni mimi. Niliandika mtandaoni kwamba nyumba hii imefungwa kabisa, ili Harrison awe juu. Wageni walikuwa hawalioni hata jina lako."

Bi Chiku aliuliza: "Uliandika lini?"

"Siku ya hitma."

"Umetoka kula hapa?"

"Nimetoka kula hapa, mama."

Alingoja kutukanwa, na angeshukuru. Bi Chiku hakutukana.

"Wewe umenikosea mimi, na hilo tutalizungumza," alisema. "Lakini mimi nimemvunjia mtu heshima mtaa mzima, mtu aliyenilisha kwa mkono wake siku zote za eda yangu." Akachukua simu, akapiga, akaongeza sauti ili wote wawili wasikie.

Simu ilipokelewa mara moja.

"Shikamoo mama!"

Bi Chiku alijifunika macho kwa mtandio.

"Mama? U mzima lakini? Wageni wamerudi?" Biasha aliuliza. "Mimi nakuombea kila sala, mama. Kila sala naomba upate wageni."

Bi Chiku akamnyoshea Swabir ile simu. Swabir aliipokea kwa mikono miwili.

"Dada Biasha," akasema, "wageni wamerudi. Mimi ndiye niliyewafukuza."