Mtu wa Kurithi Kazi ya Karan

Mimi sijui kuigiza, na mzee Kantilal, mwenye kinu, alilijua hilo kabla hajaniita ofisini. Ila mtu mwenye shida hachagui.

"Atuganile mwanangu," alisema, "kesho anakuja afisa wa kazi kutoka Mbeya, kuhusu kibali cha Karan. Akikuuliza, sema bado hujaiweza mashine."

Nikacheka. Nimeiweza mwaka mzima! Karan aliletwa kutoka India kuendesha kinu chetu cha mpunga hapa Rujewa, na kwenye fomu za kibali chake cha sasa jina langu ndilo lililoandikwa: Mtanzania atakayefundishwa mpaka aishike kazi hiyo. Fundi mwingine angenifagilisha pumba miaka yote, kibali kikiisha anaomba kingine. Karan hakunificha hata nati. Sasa kunifundisha vizuri ndiko kunakomfukuza nchini. Jamani, haki gani hiyo?

Halafu kuna Komal, bintiye, yuko darasa la pili. Kisangu, lugha ya hapa, anakijua kunipita mimi niliyekulia mjini, Soweto ya Mbeya. Huko India alitoka akiwa mdogo sana, atarudi kwa nani? Nikamwambia mzee sawa, nitajizima data, nijifanye sijui kitu.

Afisa alifika asubuhi, mama mpole mwenye daftari. Alimwambia Karan akae mlangoni, asiguse kitu. Nikawasha mashine, mpunga ukaanza kushuka.

"Dada, hizi roli za mpira za kukobolea zinabanwaje?"

"Sijui, mama. Huwa anabana yeye."

"Na mchele ukitoka chenga?"

"Namwita yeye."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miaka miwili nimekula vumbi la pumba, leo najiita mjinga mbele ya mwanamke mwenzangu! Nilimtazama Karan. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ndipo nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Roli zilikuwa zimebanana mno. Atu, tulia, nikajiambia. Acha ziungue, si mpira tu?

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Kwangu mimi ulioponza ni mkono. Sijamaliza kujionya, nilishafunga mpunga usishuke, nikalegeza roli nusu mzunguko, nikafungulia, nikakinga mchele kiganjani. Ulitoka mzima, hauna chenga hata moja.

Nilipoinua uso, yule mama alikuwa ananitazama.

"Kumbe," alisema, bila hasira. Akaandika.

Nililia pale pale. "Kaka Karan, nisamehe. Nimekuponza."

Karan akaja, akauchukua ule mchele kiganjani mwangu, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, kama anavyofanya kila siku. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ningelegeza robo tu," alisema. "Ya kwako ndiyo sahihi, dada."

Akaweka spana yake juu ya mashine, akasema anakwenda kumchukua Komal shuleni. Ilikuwa saa nne asubuhi; darasa la pili hutoka saa sita.