Kurudi kwa Ng'ombe Aliyelala

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Yeremia aliwasimamisha wageni kumi na wanne juu ya kilima cha Igogo, mahali ambapo ziwa linaonekana lote, akaanza kuwaeleza uzuri wa Mwanza. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka tisa na hakuna kiongozi wa wageni aliyemzidi. Alisema hapa mtu anajenga jiko lake likiwa limeegemea jiwe kubwa kuliko kanisa, na analala usingizi. Alisema kuhusu sato wa kuchoma, na jinsi jua linavyozama nyuma ya visiwa, na jinsi Wasukuma wanavyosalimiana kwa kirefu hata wakiwa wamechelewa. Wageni walicheka na kupiga picha.

Mwisho, kama kawaida yake, aliwaonyesha pengo. Kati ya mawe mawili makubwa palikuwa na kiwanja cha tambarare na nyumba ndogo ya bati. Hapo, alisema, palikuwa na jiwe lililoitwa Ng'ombe Aliyelala, zuri kuliko mawe yote ya mji huu, na lilipondwa likawa kokoto na watu wasio na uchungu na kwao. Sauti yake ilishuka kidogo aliposema hivyo. Wageni walitikisa vichwa.

Mama yake, Sabina, alikuwa amesimama nyuma yao na ndoo ya maji kichwani, akisubiri njia. Ndiye aliyeliponda lile jiwe, yeye na jirani yake Paskazia, kwa nyundo, kwa miaka ishirini na miwili. Kokoto zile ndizo zilizomsomesha Yeremia mpaka chuo. Nyumba ya bati pale kwenye pengo ilikuwa ya Sabina.

Yeremia alimwona. Ofisini kwao alikuwa ameshasema zamani kwamba mama yake alikuwa muuguzi huko Nansio na kwamba alifariki, na dereva wa ofisi alikuwa hapo karibu akipangusa vioo vya gari. Kwa hiyo aliwaambia wageni wampishe mama apite, akageukia ziwa.

Sabina alipita. Jioni ile alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, akaliomba jiwe msamaha. Alisema hakujua. Alisema kama linaweza kurudi, lirudi.

Kokoto za kwanza zilifika Alhamisi. Zilikuja zikibiringika pembezoni mwa barabara, upande wa kushoto, zikizipisha bodaboda. Zile za kwenye ngazi za kanisa la Nyakato zilitangulia. Za Usagara zilichukua siku mbili. Za Nansio zilivuka na meli ya mchana, na zilipofika bandarini zilisubiri abiria washuke kwanza. Wapagazi walilalamika tu kwamba zinateleza miguuni.

Iqbal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alipanda kilima siku ya Ijumaa, akihema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Sakafu yangu imekuja kwako."

Sabina alimwonyesha ilipo. Iqbal aliinama, akaitambua, akakubali kwamba imekaa vizuri hapa kuliko ilivyokuwa dukani. Aliomba radhi kwa usumbufu, akashuka kwenda kutafuta mbao za kutandika.

Jiwe lilijijenga kuanzia chini, na kwa kuwa nyumba ilikuwa juu yake, ilibidi nyumba ihame. Sabina na Paskazia walitoa sufuria, kitanda, na picha ya Yeremia akiwa amevaa joho la mahafali. Nyumba yenyewe ilipanda pamoja na jiwe kwa siku tatu ikiwa wima, halafu ikakunjika na kushukia upande wa pili. Paskazia aliyapanga mabati ya nyumba hiyo ukutani kwake, akampa mwenzake chumba.

Yeremia alikuja Jumapili kwa miguu, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alimkuta mama yake amekaa uani kwa Paskazia, akitazama kokoto zinavyopanda. Alimwuliza kwa nini amefanya hivi.

"Ulisema ndilo lilikuwa zuri kuliko yote," Sabina alisema. "Mimi nilikuwa naona jiwe tu. Nikaliomba lirudi."

"Sikuwa nakusema wewe, mama."

"Ulikuwa unawasema waliolivunja."

Yeremia angeweza kumwambia kwamba jiwe lenyewe hakulikumbuka. Alipopata akili tayari lilikuwa limeliwa nusu, na uzuri wake alikuwa ameusoma kwenye picha ya zamani iliyotundikwa ofisini. Alichokikumbuka yeye ni mlio wa nyundo wakati anafanya hesabu za shule, na kwamba mlio ukikatika alikuwa anainua kichwa kuangalia kama mama ameumia. Hayo hakuyasema. Alisema nyumba anayokaa ina vyumba vitatu, na mama aje akae kwake.

Sabina aliuliza, watu wa ofisini wakija kumtembelea, atawaambia yeye ni nani. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua abebe nini. Yeremia alisema hilo watalifikiria. Paskazia, aliyekuwa akiosha vyombo, alisema pale kwake pako sawa na mgeni wake hana haraka ya kuondoka.

Yeremia aliona nafuu. Wakati anashuka kilima aliichukia ile nafuu, akaichukia mpaka alipofika barabara ya lami, ambako simu ya ofisi iliita na akaipokea.

Vumbi lilikuja mwisho kabisa, kwa upepo wa kutoka ziwani, likaziba nyufa. Siku ya kumi na tisa Ng'ombe Aliyelala alikuwa kamili, mgongo, nundu na pembe. Ila jiwe zima lilikuwa na alama za nyundo, maelfu kwa maelfu, na watu wa mtaa walioliangalia waliweza kusema nani alipiga wapi, maana Sabina alitumia mkono wa kulia na Paskazia wa kushoto.

Kamati iliyojiita Marafiki wa Mawe ilileta uzio na bango lililokataza kuponda. Wanawake waliokuwa wakiponda mawe upande wa juu waliondolewa, na nyundo zao zikapakiwa kwenye pikapu. Siku ya ufunguzi Yeremia ndiye aliyepewa hotuba. Usiku uliotangulia alikuwa ameandika kwenye karatasi sentensi moja yenye jina la mama yake. Alipoifikia aliiona vizuri, mwandiko wake ulikuwa safi na hakuna kilichoizuia kusomeka. Aliiruka. Alisema jiwe limerudi lenyewe kwa kuupenda mji wake, na watu wakapiga makofi. Sabina, aliyekuwa amekaa chini nje ya uzio pamoja na Paskazia, naye alipiga makofi.

Wiki iliyofuata Yeremia alikuwa ndani ya uzio na wageni ishirini. Sabina alikuja getini na kikapu. Shamba lake dogo la matembele lilikuwa limebaki nyuma ya jiwe. Mlinzi, kijana wa Kikerewe aitwaye Obedi, alimwuliza kibali chake kiko wapi. Sabina alisema hana.

"Mwache apite," Yeremia alisema.

"Unamfahamu, kiongozi?"

Wageni walikuwa wanasubiri. Dereva wa ofisi alikuwa ameegemea uzio, anatafuna muwa.

"Ni mwenyeji wa huku."

Obedi alifungua geti. Sabina aliingia, na alipofika mbele ya mwanawe aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu anapomshukuru asiyemjua.

"Asante sana, mheshimiwa."

"Karibu, mama," Yeremia alijibu, kwa sauti ile ile anayowajibia akina mama wote.

Sabina alizunguka nyuma ya jiwe, akaanza kuchuma matembele. Yeremia aliwaita wageni wasogee karibu walishike jiwe kwa mikono yao, wasiogope. Mmoja wao alipitisha vidole kwenye zile alama, akauliza zimetokana na nini.

Yeremia alimwambia ni mvua.