Karatasi Nyekundu ya Beya

Lubumbashi walinifundisha kwa siku tano jinsi ya kuongoza timu. Usiamuru, uliza. Sikiliza mpaka mwisho. Kila asubuhi timu isimame mbele ya ubao, kila mmoja aseme kinachomkwamisha, nawe kiongozi ukiondoe. Nilishika yote. Hilo la mwisho ndilo limenitoa jasho.

Tuko wanne, mimi, Beya, Josée na Ariel, na kazi yetu ni moja: king'ora, tunachokiita sirène, cha kuwaonya watu wanaokaa chini ya ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi, maji yakipanda mno. Programu tuliimaliza Agosti. King'ora kiko juu ya nguzo. Kilibaki kipimo cha maji tu; bila hicho king'ora hakilii, na kipimo kilingoja sahihi ya Directeur Kalonji.

Basi kila asubuhi Beya, fundi wetu wa umeme, alibandika ubaoni karatasi nyekundu, alama ya kukwama.

"Mama chef, kipimo haiyafika. Mama yangu anakaa kule chini ya ukuta, munajua. Mvula iko inakuya."

"Nimesikia, tata Beya."

Nikapanda ngazi kwa Directeur. Nilipanda mara kumi na moja. Adabu nilikuwa nayo, hoja nilikuwa nazo. Kalamu ilikuwa yake.

Kisha siku moja akashuka mwenyewe. Aliutazama ubao wetu akitabasamu kama aliyeonyeshwa picha za harusi.

"Félicitations! Kesho bageni ba siège, bakubwa ba makao makuu, banakuya. Ile makaratasi nyekundu mutoshe, muweke ya kijani."

"Directeur, kipimo je?"

"Tutaona kwa budget ya mwaka kesho, mama. Bageni kwanza."

Ningepaswa kukataa. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilibandua karatasi ya Beya kwa mkono wangu, nikabandika ya kijani, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Tayari. Aibu iliniwasha mpaka masikioni. Beya alinitazama, akarudi kwenye nyaya zake.

Wageni walikuja, wakaupiga picha ubao, wakashuka hadi chini ya ukuta kuwatangazia watu habari njema.

Asubuhi iliyofuata tulisimama kama kawaida. Mvua ya kwanza ilikuwa inapiga bati. Josée alisema yuko sawa. Ariel naye. Ikafika zamu ya Beya.

"Nini inakuzuia, tata Beya?" Nilikuwa nimeshika karatasi nyekundu. Niliitaka irudi ubaoni kuliko nilivyoutaka mshahara wangu.

"Hakuna kitu, mama chef."

"Sema tu, tata."

"Hakuna. Ila munipe ruhusa ya leo. Naenda kutosha mama kule, nimupeleke kwa dada yangu, kule mutaa wa Kapata."

"Na majirani zake?"

"Nilibaambia jana bakimbie. Banajibu, bakubwa balishasema sirène iko tayari."

Nikampa ruhusa. Tangu Agosti, hicho ndicho kizuizi pekee nilichomwondolea.