Mkono wa Chiriku

Fundi wa mabango alikaa, akainuka, akakaa tena, mpaka mkewe akamvuta shati. "Baba Chiriku, umekalia siafu?"

Angetuliaje, jamani? Leo, mbele ya wazazi waliojipanga kwenye benchi nyuma ya darasa la chekechea, mwalimu anaamua kama Chiriku, binti yao, atapanda darasa la kwanza na wenzake au atabaki chekechea. Na mtihani wenyewe ni kupaka rangi tu! Mwalimu alishawaeleza: mtoto akipaka rangi, vidole vya kushikia penseli vinakazika, jicho linajifunza kuongoza mkono, na mwenyewe anazoea kutulia na jambo moja hadi liishe.

Hapo fundi alijiona kafika. Rangi si ndiyo kazi yake? Kila jioni nyumbani alizungushia mchoro utepe wa gundi ili rangi isivuke mstari, kama afanyavyo kwenye mabango, akaushika mkono wa binti, akausukuma. Ukibandua utepe, kingo safi utadhani zimekatwa kwa wembe. Mkewe alinung'unika, "Muache mtoto achafue." Mtoto wa fundi achafue? Thubutu!

Mwalimu akagawa karatasi zenye mchoro wa kuku. Watoto wakavamia kopo la kalamu za rangi. Chiriku akaokota nyekundu, akaiweka juu ya kuku, akatulia tuli. Wenzake walikuwa wameshafika kwenye mikia.

"Paka, mwanangu," fundi akanong'ona, jasho likimtoka.

Chiriku akageuka, akamwinulia mkono. "Baba, njoo usukume."

Darasa zima likacheka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akainuka kwenda, mwalimu akatikisa kichwa. Akarudi, akaikalia mikono yake yote miwili.

"Baba hana mikono leo," akasema. "Sukuma mwenyewe."

Chiriku akanuna kidogo, kisha akasukuma. Nyekundu ikatoka mgongoni mwa kuku, ikavuka karatasi, ikaingia mezani. Kila ilipovuka mstari fundi aliuma meno.

Mwalimu hakumtazama kuku, alitazama vidole. "Bado vilegevu. Apake mwenyewe kila siku mpaka shule zifungwe, halafu nitampima tena."

Chiriku akaja mbio na karatasi yake. "Baba, nimepaka mimi!"

Fundi alikuwa na neno kuhusu kingo. Akalimeza, machozi yakimlenga.

"Naona, mama," akasema. "Mimi sikugusa hata kidogo."